Kilwa na Jirani Zake: Somo juu ya Urafiki wa Vita

Mtu avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani huliona kwanza Gereza, lile boma lisimamalo karibu na maji. Boma hilo, kama lionekanavyo leo, ni kazi ya Waarabu wa Oman ya karibu na mwaka 1800. Lakini Wareno nao walijenga ngome katika kisiwa hiki mwaka 1505. Akiendelea mbele kidogo ataiona misikiti na majumba ya masultani waliokuwa wenyeji, na ya kale kuliko yote hayo. Basi kisiwa kimoja kidogo kimeona mabwana watatu. Twapenda kuuliza katika somo hili: Je, mabwana hao wageni waliingiaje? Je, waliingia kwa nguvu za mizinga peke yake?

Mtu asidhani ya kuwa jibu ni rahisi. Mizinga ilikuwapo, tena ilikuwa ya kutisha. Lakini tukizifuata habari kwa taratibu, tutaona ya kuwa mara nyingi palikuwa na mlango uliofunguliwa kwa ndani.

1. Ugomvi wa jirani na jirani

Kilwa ilikuwa mji wa fahari. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliufikia mwaka 1331 akausifu sana. Utajiri wake ulitoka hasa katika dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, iliyopita mikononi mwa wafanya biashara wa Kilwa kwenda Arabuni na Bara Hindi.

Lakini hata katika siku hizo mji haukuwa na amani na jirani zake wote. Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia habari za watu wa Shanga, ambayo wataalamu wengi hudhani kuwa ni kisiwa cha Sanje ya Kati cha leo, kusini mwa Kilwa. Watu hao walimfukuza sultani wa Kilwa, wakaweka mtu wao katika kiti chake, hata baadaye watu wa Kilwa wakamwondoa na kurudisha ukoo wao wenyewe.

Tuangalie jambo moja hapa. Vita hivyo vilikuwa vikali, lakini vilikwisha. Shanga walishinda, kisha wakashindwa, na hapakuwa na mtu wa mbali aliyebaki na funguo za mji. Jirani, hata akiwa adui, huwa na mpaka wa nguvu zake, tena kesho yatupasa kununua mtama kwake.

2. Mgeni afika

Ili tufahamu mambo ya mwaka 1505, yatupasa tutazame kwanza upande wa kaskazini, katika pwani ya Kenya ya leo. Huko Mombasa na Malindi walikuwa wakishindana siku nyingi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika na merikebu zake, Mombasa hawakumpokea vema. Malindi wakampokea, wakampa chakula na mwongozi wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Je, kwa nini Malindi walifanya hivyo? Ukarimu ulikuwapo, lakini pia waliona ya kuwa mgeni mwenye mizinga aweza kuwa fimbo ya kumpigia Mombasa.

Na Kilwa je? Kilwa ilikuwa imegawanyika ndani. Amiri Ibrahim alikuwa ametwaa utawala, wala hakuwa wa ukoo wa masultani. Sultani al-Fudail aliyekuwa mbele yake alikuwa ameuawa, na wako watu mjini waliolishika jambo hilo moyoni. Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alifika, akazungumza na Ibrahim, lakini hawakupatana. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu nyingi, akamlazimisha Ibrahim kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na kwayo kikafanyizwa chombo kizuri cha ibada kilichomalizika mwaka 1506. Chombo hicho kingali kikionyeshwa katika jumba la makumbusho la Lisbon.

Waandishi wa Kireno husimulia ya kuwa Ibrahim alimtoa mtu mmoja mkubwa wa mji, jina lake Muhammad Ankoni, awe rehani merikebuni mpaka kodi itakapolipwa. Kisha akakawia kulipa, akitumaini kwamba Wareno watamwua mtu yule, maana alimwogopa. Ankoni alijikomboa kwa mali yake mwenyewe. Basi msomaji aweza kuwaza jinsi moyo wa Ankoni ulivyokuwa tangu siku ile.

3. Taji ya Muhammad Ankoni

Mwezi wa Julai 1505 alikuja Francisco de Almeida na merikebu nyingi za vita. Ibrahim hakutokea kumlaki. Tarehe 24 Julai askari waliteremka pwani, wakauteka mji, wakateka nyara. Ibrahim akakimbia. Almeida akamwita Ankoni, akamvika taji ya dhahabu iliyokuwa imechukuliwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin katika Bara Hindi. Ngome ikajengwa kwa haraka, ikaitwa Santiago, na kikosi cha askari kikaachwa ndani yake.

Haifai kumhukumu Ankoni upesi. Yasemekana kwamba aliomba mwana wa al-Fudail, sultani aliyeuawa, awe mrithi wake, wala si mwanawe mwenyewe. Huenda alifikiri: nitamtumia mgeni huyu kuondoa dhuluma, kisha mambo yatarudi mahali pake. Wengi walifikiri hivyo kabla yake, na wengi baada yake.

Lakini kabla mwaka haujatimia, Ankoni aliuawa kwa hila na mtawala wa mahali paitwapo Tirendikonde, aliyekuwa jamaa ya Ibrahim. Waandishi wa Kireno huongeza jambo la kusikitisha. Ankoni alikuwa amemtendea wema mtawala huyo, akimkombolea mwanawe aliyeshikwa na Wareno. Mtawala akamwalika kana kwamba amshukuru, naye akaenda, akauawa.

Wareno wakamweka Haji Hasan, mwana wa Ankoni. Haji Hasan akatafuta msaada wa mkuu mmoja wa bara ili alipe kisasi, na Tirendikonde ikaangamizwa. Baadaye Wareno wakamwondoa Haji Hasan, wakamweka mtu wa ukoo wa kifalme waliyemwita Mikante. Huyu naye hakuwapendeza, akaondolewa. Mwishowe ni nani aliyerudishwa? Ni Ibrahim yule yule! Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, wakaenda zao.

Hesabu basi, msomaji. Katika miaka saba wafalme wanne walikaa katika kiti kimoja, damu ilimwagika kisiwani na barani, na biashara ilififia, kwa sababu Wareno walitaka dhahabu ya Sofala ipite kwao peke yao. Wafanya biashara wengi walihama. Na mtu aliyefukuzwa mwanzoni ndiye aliyekuwa akitawala mwisho, ila sasa alitawala mji maskini. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

4. Barua iliyochelewa

Baada ya Kilwa, Almeida aliendelea kaskazini. Mwezi wa Agosti 1505 aliuteka mji wa Mombasa, akauchoma moto. Habari hizo zimo katika maelezo yanayohusishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri na merikebu hizo. Humo mna barua ambayo mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi baada ya msiba. Alimwarifu ya kuwa bwana mmoja mkubwa amepita mjini mwake kwa moto, hakumhurumia mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto, na ya kuwa harufu ya maiti yamzuia kuingia mjini.

Tulitafakari jambo hili. Mombasa alimwandikia Malindi, adui yake wa siku nyingi. Katika saa ile alitambua ya kuwa wao wawili ni watu wa pwani moja. Lakini barua ilichelewa, maana Malindi alikuwa amekwisha kupatana na mgeni.

Na Malindi alipata nini? Kwa muda alipata mengi. Baada ya miaka karibu tisini, wakati Wareno walipoanza kujenga ngome yao kubwa ya Mombasa mwaka 1593, ukoo wa Malindi ulihamishiwa Mombasa ukapewa utawala. Lakini mwaka 1614 Sultani Hasan wa ukoo huo, aliyegombana na mkuu wa ngome, aliuawa kwa shauri la Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf alilelewa na Wareno huko Goa, akarudi kuwa mfalme, na mwaka 1631 akawaasi akawaua waliokuwa ngomeni. Huo ndio mwisho wa urafiki ule ulioanza kwa chakula na mwongozi. Rafiki aliyekusaidia kumshinda jirani hujua pia njia ya kukushinda wewe.

5. Msaliti wa Kilwa

Turudi Kilwa. Karibu na mwaka 1587 watu wa vita walioitwa Wazimba, waliotoka upande wa mto Zambezi, walifika barani mkabala wa kisiwa. Hawakuweza kuvuka. João dos Santos, mtawa wa Kireno aliyeandika habari za siku hizo, asimulia ya kuwa mtu mmoja wa Kilwa aliwaendea kwa siri, akawaonyesha njia ya kupita maji yanapokupwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasiguswe. Wazimba wakaingia, wakaua watu wengi sana. Kisha mkuu wao akamwita yule mtu na jamaa zake, akaamuru wafungwe na kutupwa baharini, akisema kwamba aliyewauza watu wa mji wake hastahili kuishi.

Kisa hiki ni kifupi, lakini chatuonyesha neno ambalo wafalme hawakulisema wazi wazi. Mwenye kumpokea msaliti hufurahia usaliti, lakini hamwamini msaliti.

6. Kutoka kwa Wareno kwenda kwa Oman, na kurudi

Mwaka 1698 Waarabu wa Oman waliiteka ngome ya Mombasa, na nguvu za Wareno kaskazini mwa mto Ruvuma zikavunjika. Wenyeji wengi walifurahi. Lakini baada ya miaka michache baadhi yao walianza kuwatamani tena Wareno. Barua za Kiswahili zilizo za kale kuliko zote zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa wenzao wenyeji, na miongoni mwa walioziandika ni Malkia Fatima wa Kilwa. Ni ajabu kwamba maandishi hayo ya lugha yetu si utenzi wala hadithi, bali ni barua za watu waliokuwa wakitafuta rafiki wa kuwaokoa na rafiki wa jana.

Mambo yalikuwa yale yale kaskazini. Sultani wa Pate aligombana na Waarabu wa Oman, akawaita Wareno, na mwaka 1728 wakairudia Mombasa. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawafukuza tena, kisha wakapeleka wajumbe Oman kuomba ulinzi. Oman wakaleta liwali wa ukoo wa Mazrui, na ukoo huo baadaye ukajitawala wenyewe pale Mombasa.

Hata ikafika zamu ya Kilwa kufanya mapatano mengine. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim alipatana na Mfaransa mmoja aitwaye Morice. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, naye mwenyewe apate zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Mfaransa akapewa na mahali pa kuweka ngome. Mapatano yalikuwa ya miaka 100. Sultani alitaka nini? Alitaka Wafaransa wamkinge na Oman, maana Kilwa ilikuwa imejitoa katika mikono ya Waarabu miaka michache tu kabla ya hapo.

Hapa yatupasa tusimame kidogo. Katika mapatano mengine mfalme alitoa dhahabu. Katika mapatano haya alitoa watu. Na watu hao walitoka wapi? Wengi walikuwa watu wa bara, jirani za Kilwa, watu ambao wangeweza kuwa ngao yake. Mfalme aliwauza jirani zake ili apate mlinzi wa mbali. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi za Kilwa zilichukuliwa mpaka mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi.

Na yule mlinzi alifanya nini? Mnamo 1785 Waarabu wa Oman walikuja wakaishika Kilwa, wala Wafaransa hawakuwazuia. Mapatano ya miaka 100 hayakufika hata miaka 10. Mwaka 1843 sultani wa mwisho wa Kilwa Kisiwani alipelekwa Maskati, na ukoo wa kale ukakoma kutawala.

7. Mambo matatu ya kushika

Basi tumejifunza nini? Naona mambo matatu.

La kwanza, mgeni aitwaye katika ugomvi wa jirani huja na shauri lake mwenyewe. Wareno hawakuja Kilwa kwa ajili ya haki ya al-Fudail, walikuja kwa dhahabu ya Sofala. Morice hakuja kwa kuwahurumia Washirazi wa Kilwa, alikuja kwa watumwa. Mgeni aweza kukupa neno uliloliomba, lakini atachukua neno ambalo hukuliomba.

La pili, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ngome iliachwa mwaka 1512, na msaada wa mwaka 1785 haukuonekana. Mgeni akichoka hupandisha tanga, bali jirani hubaki, na chuki hubaki pamoja naye.

La tatu, mlango wa kwanza ni ugomvi wa ndani. Kama Ibrahim asingalimtoa Ankoni rehani, huenda Almeida asingalipata kichwa cha kuvika taji. Mizinga ingaliuvunja mji hata hivyo, lakini kuuvunja mji si sawa na kuutawala.

Mtu aweza kusema: Je, mnyonge afanyeje? Ni swali la haki. Malindi ulikuwa mji mdogo kuliko Mombasa, na aliyebanwa hushika mkono wowote unaonyoshwa. Hatusemi ya kuwa watu hao walikuwa wapumbavu. Twasema ya kuwa njia ya kupatana na jirani, ijapokuwa ngumu na ya aibu kidogo, walidhani kuwa ni ghali, nao hawakuhesabu bei ya ile njia nyingine.

Nchi hii ya Kilwa na Lindi imeona pia mfano wa namna ya pili. Mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Nandete, katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa. Makabila ambayo zamani hayakuwa na shauri moja, Wamatumbi na Wangindo, hata Wapogoro na Wangoni, yaliinuka juu ya Wadachi. Walishindwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Tena katika majeshi yaliyowapiga, askari wengi walikuwa Waafrika. Lakini hapo watu walijifunza ya kuwa jirani aweza kuwa mwenzi.

Miaka sitini baadaye, Nachingwea, bara ya Lindi, palifanywa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, na Samora Machel aliwafunza vijana hapo. Vijiji vya Tanzania karibu na Ruvuma vilipata hasara kwa ajili hiyo. Hata hivyo tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ilipata uhuru, na Wareno, waliovikwa nguvu kwa ugomvi wa jirani, waliondoka kwa umoja wa jirani. Silaha nyingi zilitoka nchi za mbali, hilo ni kweli. Lakini aliyetoa ardhi, maji na njia alikuwa jirani, naye hakudai kiti cha mwenzake.

Ukipita siku moja mbele ya Gereza la Kilwa Kisiwani, usiishie kuwaza juu ya walioyajenga mawe yale. Waza pia juu ya waliowafungulia mlango, na sababu iliyowafanya kuufungua.

Maswali ya kujifunzia

1. Vita vya Shanga na vita vya mwaka 1505 vyatofautiana kwa neno gani?
2. Je, Muhammad Ankoni alikuwa msaliti, au mtu aliyeonewa? Toa sababu zako.
3. Kwa nini barua ya mfalme wa Mombasa kwa mfalme wa Malindi haikuzaa matunda?
4. Katika mapatano ya mwaka 1776, ni nani aliyelipa bei, na ni nani aliyeahidiwa faida?
5. Katika mtaa wako, ugomvi gani umekuwa mgumu zaidi kwa sababu mtu wa mbali aliitwa kuumaliza?